Lango Kubwa Lazima Lilie

Alizaliwa wapi, baba yake nani, aliingia Dar es Salaam kwa miguu au kwa treni, msiniulize. Sijui, na hata ningejua nisingewaambia, maana ninyi mkishapewa ukoo wa mtu mnadhani mmemjua. Mimi nilimjua kwa harufu. Alinuka mafuta ya papa. Akikata kona ya mtaa wetu pale Kariakoo, kabla hujamwona, pua ilishakwambia anakuja, na mama yangu alikuwa akifunika haraka sinia la vitumbua. Si kwamba aliwajali inzi. Alikuwa anaikimbia ile harufu.

Tulimwita Bawabu, wakubwa kwa wadogo, kwa sababu ndiye aliyekaa kwenye lango la ngome kuukuu kule Gerezani. Msidhani nasema geti la bati. Kabla hatujazaliwa sisi palikuwa na ngome pale, na ukuta wake ulikwenda mbali. Ukavunjwa kidogo kidogo, mawe yakaenda kujengea mabohari na kutandikia reli. Likabaki lango, na nyuma yake ua mmoja wenye kuta ndefu. Katika miaka ile ya hamsini wakoloni ndimo walimowaweka watu waliokamatwa kwenye misako, vijana wasio na ajira, ambao wenyewe waliwaita wahuni, wakisubiri kupandishwa treni warudishwe makwao. Bawabu ndiye aliyewafungulia wakiingia na kuwafungulia wakitoka. Katikati ya hapo aliketi kwenye kiti cha jiwe ndani ya upinde, anatafuna karafuu.

Basi watu walimchukia, nisifiche. Walimchukia na kumhitaji, ndiyo taabu yake. Mwanamke aliyemtukana asubuhi, jioni alimfuata na kanga kichwani: "Baba Bawabu, shikamoo, mwanangu amekula?" Naye aliitikia marahaba bila kinyongo.

Alilipenda lango lile, jamani, sijui niseme nini. Ukimpa kitumbua kimoja anakupa habari ya lango. Ukimpa viwili hanyamazi. Mawe yake ni ya matumbawe, alisema, yamefungwa kwa chokaa iliyochomwa kwa kuni za mikoko. Unene wa ukuta ng'ombe angelala kukingama usimwone mkia. Yale matundu ya bunduki ni membamba nje na mapana ndani, ili aliye ndani akuone wewe usimwone yeye. Juu ya upinde palikuwa na tundu jingine, la kumwagia maadui kitu cha moto. Kitu gani? Siku nyingine alisema mafuta, siku nyingine uji. Mama akamwambia, "Uji! Maadui walikuja vitani au walikuja kufuturu?" Akacheka mpaka karafuu ikamtoka.

Nani alilijenga, hapo ndipo hakuwa na msimamo. Akiwa na furaha ni Waarabu. Akiwa amekasirika ni Wareno. Kuhusu misumari mikubwa ya chuma iliyojaa kwenye mbao, wengine walisema iliwekwa kuzuia tembo, na yeye aliuliza tembo gani huyo anayekuja Gerezani, anatafuta kazi ya reli? Lakini neno moja hakulibadilisha hata siku moja. "Mwarabu aliongeza komeo," alisema. "Mjerumani akaongeza mnyororo. Mwingereza akaongeza kufuli. Kila aliyekuja aliongeza cha kufungia. Hakuna aliyeongeza dirisha."

Lango lilikuwa na mabawa mawili ya mti wa mvule, marefu kupita nyumba yetu. Ndani ya bawa la kulia palikatwa mlango mdogo, na huo ndio uliotumika kila siku. Ulikuwa mfupi. Kila aliyepita aliinama, awe mfungwa, awe askari, awe bwana mkubwa mwenyewe na kofia yake. "Aliyejenga hakuwa mjinga," Bawabu alisema. "Mtu anaingia anatanguliza kichwa. Ukishatanguliza kichwa huna ugomvi tena." Yeye mwenyewe alikuwa mrefu, na kuinama kwa miaka kulimpinda mgongo. Hata mtaani alitembea akitazama ardhi. Watoto walimwuliza ameangusha nini.

Lango kubwa lilifunguliwa kwa mambo mawili tu. La kwanza ni akija gavana, na sisi hatukuwahi kumwona gavana akija. La pili ni maiti. Mtu akifia mle ndani, mabawa yote mawili hufunguliwa, jeneza lipite limenyooka, kwa sababu maiti hainamishwi. Huo ulikuwa mwiko wa lango tangu zamani, wala hakuutunga yeye, lakini aliushika kama anavyoshika swala. Sasa, mabawa yale hayakuwa na bawaba za chuma. Kila bawa lilisimama juu ya mhimili wa mti uliozunguka ndani ya kishimo cha jiwe, na mti ukisaga jiwe, lo! Lilikuwa likilia. Ulisikia ukiwa sokoni. Ulisikia ukiwa uani unafua. Mlio mnene, mrefu, unaanzia chini na kupanda.

Nasi tulikuwa na desturi yetu. Lango likilia, Kariakoo yetu ile ilisimama. Anayetwanga aliacha mchi ndani ya kinu. Wanaume walivua kofia na kusema innalillahi. Banyani mwenye duka la kona, ambaye dini yake mbali na yetu, aliacha mizani ikining'inia akaja kusimama mlangoni, viganja vimekutana kifuani. Halafu wanawake wenye watu wao mle ndani walianza kukimbia kuelekea Gerezani, na sisi wengine tulibaki tunahesabu nani kakimbia.

Ile harufu sasa. Mafuta ya papa alipaka mlango mdogo, kila Alhamisi, mpaka ukawa unafunguka kama kope la jicho, husikii kitu. Lango kubwa hakulipaka hata tone. Kuna siku msimamizi wa kizungu, kijana mmoja mwenye shingo nyekundu, alimletea kopo la grisi ya reli apake, kelele zinamkera. Bawabu akaipokea kwa mikono miwili, akasema ahsante bwana mkubwa, akaja nayo mtaani akapaka mnyororo wa baiskeli ya Banyani. "Lango kubwa lazima lilie," alituambia. "Siku litakayonyamaza, mtu atatolewa mle kama gunia, na mama yake yuko kwake anachambua mchele."

Na kila aliyeingia alimwuliza jina la mama. Askari walikuwa na maswali yao, kabila, kijiji, kodi. Yeye alikuwa na hilo moja. Kijana anainama mlangoni, Bawabu anamwekea mkono kisogoni asijigonge, anauliza, "Mama yako nani?" Baba hakumtaka. Nilimwuliza kwa nini. Akaniambia baba anaweza kuwa safarini, anaweza kuwa na wake wengine, lakini lipo jambo moja ambalo mama lazima aambiwe. "Hata kaburini," alisema, "mtu huitwa kwa jina la mama yake."

Ajabu yake ni hii. Mtu wa makomeo na makufuli, chumbani kwake hakuwa na mlango. Alipanga chumba cha uani nyumba ya mbele yetu. Siku ya kuhamia aliung'oa mlango, akaulaza juu ya matofali, akatandika mkeka, akawa analalia. Penye mlango alitundika kipande cha kanga. Mwenye nyumba alifoka wee mpaka akachoka. Mama akamwuliza, "Huogopi wezi?" Akajibu, "Waibe nini, mama mtani? Harufu?"

Maana walikuwa watani. Sisi Wazaramo, yeye Mnyamwezi, na mnajua utani wa Mzaramo na Mnyamwezi hauna mipaka. Unaweza kumtukana mtani wako mbele ya wakwe zake na hana ruhusa ya kununa. Lakini utani una upande wake mwingine, ambao vijana hamuujui, mnadhani ni kucheka tu. Ukifiwa, mtani ndiye anayekuja kukushika. Anachimba kaburi, anabeba, anatania mpaka wenye msiba wanacheka na machozi yao. Mtani ana deni la maiti yako.

Basi kila asubuhi akipita barazani kwetu, mama alimpigia kelele, kwa sababu Wanyamwezi ndio wapagazi wa zamani, waliobeba mizigo kutoka bara mpaka pwani:

"Mpagazi! Umebeba nini leo?"

"Nimebeba njaa, mama mtani. Nitue!"

Mama anamtupia kitumbua cha moto, anakidaka, anakirusha kutoka kiganja hiki kwenda hiki. Kila siku. Mimi nilikuwa nimerudi kwa mama na talaka yangu, sina hamu ya kucheka na mtu, lakini wale wazee wawili walinichekesha.

Kitu alichojivunia kuliko lango ni kinywa chake. Hakusema uongo. Alikuwa mkali, alikuwa mchafu wa nguo, kwenye harusi alilia kwa kwikwi kuliko mama wa bibi harusi, lakini uongo, hapana. "Kinywa cha bawabu kikidanganya," alisema, "nani atajua nani yumo na nani hayumo?" Ndiyo sababu tulimwamini. Tulimwamini sana.

Kisha wakamchukua Shabani.

Shabani mdogo wangu, mtoto wa mwisho wa mama. Alikuwa akibeba makapu ya watu sokoni. Leo anapata kazi, kesho hapati, hana tajiri wa kumtaja. Msako ulipita alfajiri wakamzoa na wenzake wakiwa bado wanapiga miayo. Mama alikwenda Gerezani na unga mikononi. "Mtamrudisha kwao wapi?" aliwafokea askari. "Kwao hapa! Mimi nimezaliwa Dar es Salaam, mama yangu kazaliwa Dar es Salaam, mtampandisha treni aende kwa nani?" Bawabu ndiye aliyemsogelea, akamwambia polepole, "Nimeshamwekea mkono kisogoni, mama mtani. Hakujigonga."

Kuanzia hapo mama alimpa chakula ampelekee. Wali na samaki, au ugali na mchicha, ndani ya bakuli la buluu lenye kifuniko. Bakuli lilirudi jioni na mabaki ya mchuzi yamekauka ubavuni, na mama aliyachunguza, ajue Shabani amekula kiasi gani. Siku za kwanza lilirudi tupu. Baadaye likaanza kurudi na nusu.

"Ana homa," Bawabu alisema.

"Homa gani?"

"Homa ya mle ndani. Watu wengi, hewa kidogo. Tumbo pia linamwendesha."

Mama alibadilisha, akapika uji wa mchele na tangawizi. Alikuwa halali vizuri lakini hakukata tamaa, na sababu yake alitwambia sote: "Lango halijalia. Lango likiwa kimya, mwanangu mzima." Mtaa mzima ulimwitikia, ndiyo, mama Shabani, halijalia. Nilimwona mara nyingi anaacha kukoroga, anainua kichwa, anasikiliza kimya, kisha anaendelea.

Ijumaa moja bakuli lilirudi limeoshwa. Limeoshwa safi, linang'aa, kifuniko kimefutwa. Bawabu alilikabidhi kwa mikono miwili, hakukaa. Mama alifurahi. "Ala! Leo mpagazi kajifunza adabu," akasema. "Ahsante, mtani wangu."

Kesho yake akampa chakula kingine, naye hakukipokea. Akasema, "Treni imeondoka, mama mtani. Mle ndani hakuna mtu tena."

Yote mawili kweli. Treni iliondoka, sisi wenyewe tuliisikia. Ua ulikuwa mtupu, wenye watu wao walikwenda wakaona. Mama aliketi, akashika kiuno, akauliza wamepelekwa wapi. Bawabu akasema wengine wamepelekwa kwenye mashamba ya mkonge. Wengine! Hilo neno sikulisikia siku ile. Mama alisikia mkonge, akaanza kumsubiri mwanawe arudi kutoka kwenye mkonge.

Akamsubiri miaka. Bakuli la buluu aliliweka juu ya rafu, akalifunika kitambaa, hakuna aliyeruhusiwa kulitumia. La Shabani, akirudi. Kila aliyetoka mashambani alihojiwa barazani kwetu. Wapo waliosema wamemwona, mnajua watu wanavyopenda kumpa mzee neno zuri. Mimi moyo wangu ulikuwa umeshaanza kunung'unika, lakini nikijaribu kusema, mama ananikata: "Lango lililia? Wewe ulisikia? Basi funga mdomo wako."

Na kila asubuhi, kama kawaida, mpagazi umebeba nini leo. Nimebeba njaa, nitue. Alikula vitumbua vya mama yangu miaka yote hiyo. Ila alikuwa amepungua mwili, na kitumbua alikuwa hakirushi tena. Alikishika vilevile kinamuunguza.

Mwishoni mwa miaka ile wenye reli walitaka kiwanja cha karakana. Tukasikia lango litavunjwa. Ua ulikuwa umeshakaa mtupu muda mrefu, wafungwa wanapelekwa kwingine, Bawabu analinda popo. Wazee walisikitika kidogo, vijana walishangilia, na mimi nilikuwa upande wa vijana. Livunjwe, nilisema, hata kokoto isibaki.

Siku yenyewe tulikuwa barazani, jua limeshapanda, soko limejaa. Mama ameshika upawa. Lango likalia.

Lilikuwa halijalia siku nyingi, na kwa kukaa lilizidi. Mlio ulikuja juu ya mapaa. Ukaja wa bawa la kwanza, kisha wa la pili. Watu wakasimama. Michi ikanyamaza, kofia zikatoka vichwani. Nilimwona Banyani anatoka dukani, mzee sasa, na viganja vyake kifuani.

"Mle ndani hakuna mtu," mama akasema. Alisema taratibu, ananiuliza mimi. "Gavana hajaja. Nani amekufa?"

Aliweka upawa chini, akatoka bila viatu. Nilimfuata mbio na sikumshika mpaka Gerezani.

Wavunjaji walikuwa wamekaa kando na nyundo zao, wanavuta sigara. Msimamizi wao alikuwa anacheka, alimwambia mtu kwamba mzee kaomba alifungue mwenyewe kwa mara ya mwisho, wamemwachia. Mabawa yote mawili yalikuwa wazi. Bawabu alisimama pembeni mwa upinde, kofia mkononi, jasho linamtiririka. Aliposikia miguu ya mama aliinua uso. Sikumbuki kama niliwahi kumwona ameinua uso hivyo.

Mama alisimama mbele yake.

"Mpagazi," akasema. "Ulibeba nini?"

Safari hii hakusema njaa.

"Nilimbeba mwanao."

Mimi ndiye niliyepiga ukelele. Mama hakupiga. Aliinua mkono ninyamaze.

"Lini?"

"Ijumaa ile. Watu wakiwa msikitini. Bwana mkubwa alisema mji umechemka, mikutano kila mahali, lango lisilie. Akasimama nyuma yangu na askari wawili."

"Ukampitisha wapi?"

Bawabu alitazama mlango mdogo, uliobaki umefungwa ndani ya bawa lililo wazi, na mafuta yake yanang'aa.

"Mlimkunja?" mama akauliza.

"Alikuwa ameanza kukauka," Bawabu akasema. "Tulimkunja, mama mtani."

Hapo ndipo mama alipojishika kwenye jiwe. Akauliza amelala wapi, naye akasema bondeni Jangwani, pale udongo ulipokuwa laini, kwa sababu alichimba peke yake. Akasema alimswalia, alimwita kwa jina la mama yake. Mama akasema, "Maji ya masika hufika pale." Bawabu akasema, "Yalifika." Kisha, kwa haraka, kama mtu anayetaka kutua mzigo wote: "Nilimwosha kwanza. Sikumzika na uchafu wake. Hapakuwa na chombo, nilimwosha kwa bakuli lako."

Nilitaka mama amrukie. Wallahi nilitaka. Mama alimpita. Aliingia chini ya upinde, akafika katikati ya ule ua mtupu, akazunguka, akaanza kutoka taratibu, amenyooka, katikati kabisa ya mabawa mawili. Bawabu alirudi nyuma hatua moja kumpisha. Akaita kwa sauti ya kazi yake, ile aliyowaitia watu wa kutoka: "Shabani wa Mwanahawa! Anatoka!" Wale wavunjaji wakazima sigara, wakasimama.

Tukarudi nyumbani. Mafuta ya vitumbua yalikuwa yameungua, baraza zima moshi. Mama hakuyatazama. Alikwenda moja kwa moja kwenye rafu, akaondoa kitambaa, akateremsha bakuli la buluu, akakaa nalo mapajani. Alipitisha kidole ndani, pande zote.

"Lilirudi limeoshwa," akasema. "Nami nikamwambia ahsante."